Kufua umeme kwa kijito cha kijijini, hatua kwa hatua

Ukitoka Njombe mjini ukashuka kuelekea Ludewa, au ukakata kwenda Makete, kila bonde lina kijito, na kila kijito kina mtu aliyewahi kusimama ukingoni akasema, "Hapa pangetoka umeme." Mara nyingi hakosei. Misheni kadhaa za kusini zilikuwa zinawasha taa kwa maji ya mto miaka mingi kabla nguzo za TANESCO hazijafika. Mawengi, wilayani Ludewa, kuna mtambo wa kilowati 300 unaohudumia vijiji kadhaa. Mwenga, kule Mufindi kwenye chai, unafua megawati 4 tangu 2012. Upande wa Kenya, wanakijiji wa Tungu-Kabiri karibu na Mlima Kenya wana wa kwao wa kilowati 18.

Nitakaoueleza hapa ni mdogo kuliko yote hiyo: kilowati 3. Unatosha taa, simu, redio na televisheni za nyumba kama 30, wati 100 kila nyumba. Nimechagua ukubwa huo kwa sababu fundi mmoja wa kuchomelea, mwashi mmoja na kikundi cha watu wenye majembe wanaweza kuumaliza kiangazi kimoja, na kwa sababu ukikosea hufilisiki. Hesabu zake ni zilezile za mtambo mkubwa.

Kwanza, ujue unavuna nini

Maji hayageuki umeme. Yanaingia kwenye mtambo yakiwa maji na yanatoka yakiwa maji yaleyale, hayakupungua hata kikombe. Unachokivuna ni uzito wake wakati yanaposhuka. Kwa hiyo vitu viwili tu ndivyo vinavyohesabika: maji mangapi yanapita kwa sekunde, na yanashuka kimo gani.

Kimoja kinaweza kufidia kingine. Bwawa la Julius Nyerere linautegemea Rufiji mzima, mto mkubwa kuliko yote nchini, kuzungusha mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Kihansi, kwenye ukingo wa Udzungwa, ni mto mdogo sana ukiulinganisha na Rufiji, lakini maji yake yanashushwa mita 850 hivi, na kwa anguko hilo yanafua megawati 180. Ukirudi kijijini, maana yake ni kwamba kijito chembamba kinachodondoka mita 60 ni mali kuliko mto mpana unaotambaa bondeni. Wengi hutazama upana wa mto wakasahau mteremko.

Hesabu yenyewe ni hii: lita kwa sekunde, mara mita za kimo, mara 9.81, unapata wati ambazo maji yanazo. Huzipati zote. Bomba linakula kidogo, turbini (gurudumu linalozungushwa na maji) inakula, mkanda unaoiunganisha na jenereta unakula, jenereta nayo inakula. Kwenye mtambo mdogo wa kienyeji karibu nusu huishia njiani. Ndiyo maana mafundi tunazidisha kwa 5 badala ya 9.81, na mara chache tunajikuta tumedanganya. Kijito chetu cha mfano kina lita 30 kwa sekunde na kimo cha mita 20: 30 mara 20 mara 5 ni wati 3,000.

Na jenereta inafanya nini hasa? Ndani yake sumaku inazunguka karibu na koili za waya wa shaba. Kila sumaku inapopita, umeme ndani ya waya unasukumwa upande huu, kisha upande ule. Ukisukumwa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, huo ndio umeme wa hezi 50 tunaoutumia majumbani. Faraday aliionyesha kanuni hiyo 1831 na hadi leo hakuna aliyeibadilisha. Ukitaka kuielewa kwa mwili wako, zungusha jenereta ndogo kwa mkono ikiwa haina mzigo: inazunguka laini. Mwambie mtu awashe taa kubwa, na mkono wako utakutana na uzito kama wa kukanyaga baiskeli mlimani. Uzito huo ndio kazi utakayowapa maji.

Hatua ya 1: Pima maji wakati wa ukame

Hapa nitakaa kidogo, maana mitambo mingi iliyokufa niliyoikuta ilifia hapa, kabla hata mfuko mmoja wa saruji haujanunuliwa.

Mtambo wa kwanza niliosaidia kujenga tulipima kijito mwezi Aprili. Maji yalikuwa mengi, yanavuma, tukapata lita 90 kwa sekunde, tukapiga hesabu ya kilowati 9 na kununua vifaa vya kilowati 9. Mzee mmoja aliyekuwa analisha mbuzi wake pale alituuliza tunafanya nini. Tukamwamkia, tukamweleza. Akacheka kwa upole, akasema, "Wanangu, Novemba hapo hata hawa mbuzi wanavuka bila kulowa kwato." Tukamshukuru, tukaendelea na vipimo vyetu. Novemba ilipofika, turbini ilizunguka kwa uvivu na taa zikawa nyekundu kama kaa la jikoni. Turbini iliyotengenezwa kwa maji ya lita 90 haifanyi theluthi ya kazi ikipewa theluthi ya maji. Inafanya pungufu ya hapo.

Kwa hiyo pima Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika. Pima zaidi ya mara moja, ikiwezekana miaka miwili. Na uwaulize wazee kijito kilikuwaje ule mwaka wa njaa wanaoukumbuka. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kujengea. Maji ya masika ni ya ziada, yaache yapite.

Namna za kupima ni tatu. Kama kijito ni kidogo, kinga maji yote kwa bomba au bati na uhesabu sekunde za kujaza ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 4, una lita 5 kwa sekunde. Zaidi ya lita 10 hivi ndoo inakuzidi nguvu.

Namna ya pili ni ya kitu kinachoelea. Tafuta mita 10 za kijito zilizonyooka, zisizo na mawe makubwa. Dondosha chungwa, au chupa ya plastiki iliyojazwa maji nusu, uhesabu sekunde hadi lifike mwisho. (Kiazi, hata kama ndicho kilichojaa huku kwetu, kitazama.) Rudia mara tano, chukua wastani. Tuseme ni sekunde 30, yaani mwendo wa mita 0.33 kwa sekunde. Kisha pima upana wa maji, tuseme mita 1, na kina sehemu kadhaa kutoka ukingo hadi ukingo, wastani sentimita 16. Zidisha vyote vitatu: 1 mara 0.16 mara 0.33 ni kama mita za ujazo 0.053 kwa sekunde, yaani lita 53. Ila juu maji hukimbia kuliko chini yanakosugua mawe, kwa hiyo chukua robo tatu tu ya jibu. Zinabaki lita 40.

Namna ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa sababu inaendelea kupima ukiwa umelala. Ziba kijito kwa ubao mpana uliokatwa pembe ya V katikati, nyuzi 90 kamili, kingo za pembe zikiwa kali na udongo ukishindiliwa pembeni ili maji yote yapite kwenye V. Mita moja nyuma ya ubao, upande wa juu, simika rula iliyosawazishwa na ncha ya chini ya V. Maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha, zinapita lita 4 kwa sekunde. Sentimita 15 ni lita 12. Sentimita 20 ni lita 25, na sentimita 25 ni lita 43. Mpe mtoto wa shule anayepita hapo kila asubuhi daftari na kalamu aandike namba ya rula. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kitu ambacho washauri hulipwa pesa nyingi kukikisia.

Hatua ya 2: Pima kimo

Hii ni rahisi. Chukua ule mpira mwangavu ambao waashi hujaza maji kusawazisha msingi, na miti miwili yenye vipimo, ushuke hatua kwa hatua kutoka mahali utakapoweka tangi la juu hadi utakapoweka turbini, ukijumlisha tofauti. Au tandaza mpira mrefu wa maji kutoka juu hadi chini, ujaze maji hadi hewa yote itoke, na ufunge geji ya presha chini. Baa 1 ni mita 10 na kidogo. Geji ikisoma baa 2, una mita 20. Simu yenye programu ya kupima mwinuko usiitumie kwa kazi hii. Kwa kimo cha mita 20 kosa lake laweza kuwa nusu ya kimo chenyewe.

Mahali pa turbini pawe juu ya alama ya mafuriko. Alama hiyo utaiona kwenye takataka zilizonasa matawini kando ya kijito, na tena wazee wataijua.

Hatua ya 3: Malizana na wenye maji

Maji ya kijito yana wenyewe. Nyanda za juu kusini kiangazi watu hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na mkulima wa kabichi aliye chini yako hataelewa habari za kilowati siku mfereji wake ukikauka. Uzuri ni kwamba mtambo unayarudisha maji kijitoni. Lakini ile sehemu kati ya banio, yaani kizuizi kidogo cha kuelekezea maji mferejini, na turbini inabaki na maji machache. Kagua kama kuna mtu anachota, ananywesha mifugo au anamwagilia hapo katikati. Kwenye mfano wetu kijito kina lita 40. Tunachukua 30 na kuacha 10 zipite njia yake.

Wanaodhani kuacha maji ni ukarimu wa kupitiliza wakumbuke Kihansi. Maporomoko yalipoelekezwa kwenye mitambo, ule ukungu wa maji uliokuwa unalowesha korongo ukaisha, na chura mdogo wa Kihansi, asiyepatikana kwingine popote duniani, akatoweka porini. Akabaki wa kufugwa Marekani, na kumrudisha kumekuwa kazi ya miaka.

Kibali cha kutumia maji hutolewa na bodi ya maji ya bonde lako. Nchi ina mabonde tisa, na huku kwetu mito mingine inaangukia Rufiji na mingine Ziwa Nyasa, kwa hiyo uliza kwanza uko upande gani. Mazingira ni NEMC, chombo cha taifa cha mazingira. Ukishaanza kuuzia watu umeme, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, nayo inakuhusu. Kenya nenda WRA kwa maji na EPRA kwa umeme. Anza na serikali ya kijiji na muhtasari wa mkutano uliosainiwa, maana ndiyo karatasi ya kwanza utakayoulizwa kila ofisi.

Hatua ya 4: Banio, mfereji na tangi

Huhitaji bwawa. Banio la mawe na saruji linaloinua maji sentimita 30 au 40 linatosha, na mafuriko yapite juu yake bila ugomvi. Tundu la kuingilia lielekee ubavuni, lisitazame mto unakotoka, ili mawe na magogo yaendelee na safari yao.

Mfereji wa kupitisha lita 30 uwe na upana wa sentimita 30, kina cha sentimita 40, na ushuke sentimita 20 kila mita 100. Ukiulaza zaidi ya hapo unajaa mchanga. Ukiuteremsha sana maji yanachimba kingo. Kila mita 50 hivi weka mahali pa kumwagia maji ya ziada, la sivyo mvua kubwa ya kwanza itachagua mahali penyewe.

Mfereji unaishia kwenye tangi. Tangi hili lina kazi mbili: kuyatuliza maji ili mchanga ukae chini, na kuhakikisha bomba linabaki limejaa. Mchanga ni msasa. Ukiingia na maji yanayokimbia mita 20 kwa sekunde unasugua visu vya turbini hadi vinakuwa kama wembe, kisha vinavunjika. Tangi la upana wa mita 1, kina mita 1 na urefu wa mita 3 linatosha kwa lita 30, na liwe na tundu chini la kusafishia. Mdomo wa bomba ukae juu ya sakafu ya tangi ili usivute mchanga, na juu ya mdomo huo kuwe na nusu mita ya maji. Maji yakipungua hapo yanafanya kizingia, kizingia kinavuta hewa, na turbini inaanza kukohoa.

Mbele ya mdomo weka wavu wa nondo nyembamba zilizochomelewa zikiachana sentimita 1, ulazwe kidogo ili reki ipite vizuri. Ufanye mkubwa kuliko unavyodhani unahitajika. Majani ya mlingoti (mkaratusi) yanajua kuziba wavu mdogo kwa saa moja ya upepo.

Hatua ya 5: Bomba

Bomba ndilo linalokula pesa, na ndipo watu hujaribu kubana matumizi wakapoteza. Tuseme una mita 60 za bomba kutoka tangini hadi turbini. Ukiweka bomba la plastiki gumu la inchi 6, lita 30 zinapita kwa mwendo wa mita 1.7 kwa sekunde, na msuguano unakunyima kama mita 1 ya kimo. Zinabaki 19. Ukiweka la inchi 4 kwa sababu bei yake ni nafuu, maji yanalazimika kukimbia zaidi ya maradufu, na msuguano unameza mita 6 na zaidi. Umetupa karibu theluthi ya mtambo wako, na utaitupa kila siku kwa miaka 15.

Chagua daraja la bomba linalohimili presha yako na ziada kubwa juu yake. Kimo cha mita 20 ni baa 2, lakini mtu akifunga koki ghafla, maji yaliyomo bombani yanagonga kama nyundo na presha inapanda mara kadhaa kwa nukta moja. Baa 6 ni salama kwa mfano wetu, mradi koki ifungwe taratibu. Lizike, maana jua na moto wa kusafishia mashamba ni maadui wa plastiki. Kila kona imwagiwe zege kubwa. Maji yanayokata kona yanasukuma bomba litoke, na kona isiyo na zege huchomoka usiku. Mara tu baada ya mdomo wa juu, kwenye bomba lenyewe, simika kibomba kidogo cha kupumulia, ili mdomo ukizibwa bomba livute hewa badala ya kujikunja kama kopo.

Hatua ya 6: Turbini

Kimo kikiwa kikubwa na maji machache, kuanzia mita 50 kwenda juu, tafuta Pelton: gurudumu lenye vikombe vilivyogawanyika katikati, maji yanarushwa na nozeli (mdomo mwembamba wa bomba) moja kwa moja kwenye vikombe. Lester Pelton aliisajili 1880 huko Marekani, katika machimbo ya dhahabu, na Kihansi inatumia ndugu zake wakubwa.

Kimo cha kati kama chetu kinapenda turbini ya maji kupita katikati, ambayo mafundi wengi huiita krosfloo. Ni pipa lililolala lenye visu vilivyopinda kuzunguka. Maji yanaingia juu, yanapita ndani, yanasukuma visu tena yakitoka. Naipenda kwa sababu inatengenezeka karakana yoyote yenye mashine ya kuchomelea: visu ni bomba la chuma lililopasuliwa kwa urefu, sahani mbili za pembeni, na shafti. Takataka ndogo inapita bila kunasa. Si bingwa wa ufanisi, lakini ikivunjika inarekebishwa Njombe hapahapa bila kusubiri meli.

Kwa kimo cha mita 20, gurudumu la kipenyo cha sentimita 30 linapenda kuzunguka kama mara 600 kwa dakika. Jenereta ya kawaida ya hezi 50 inataka mizunguko 1,500. Tofauti ni mara 2.5, kwa hiyo funga puli ya sentimita 50 kwenye turbini na ya sentimita 20 kwenye jenereta. Puli zinyooke sawasawa. Vuta uzi kutoka ukingo wa moja hadi wa nyingine uone. Zikipishana hata kidogo, utakuwa mteja wa kudumu wa duka la mikanda.

Kama pana mashine ya kusaga ya kuendesha mchana, usipitishe nguvu kwenye umeme halafu uirudishe kwenye mota. Toa mkanda mwingine moja kwa moja kutoka kwenye shafti ya turbini. Kinu kidogo kitasaga polepole, lakini kitasaga.

Hatua ya 7: Jenereta na mlinzi wake

Nunua jenereta isiyo na injini, ile ya kufungwa mkanda, yenye uwezo wa kilowati 5. Ndiyo, kwa mtambo wa 3. Ikiendeshwa saa 24 kila siku, ile iliyoandikwa 3 huungua mapema.

Sasa sikiliza tatizo. Saa 4 usiku nyumba 20 zinazima taa kwa pamoja. Maji hayajui kwamba watu wamelala. Yanaendelea kusukuma kwa nguvu ileile, jenereta imepungukiwa mzigo, inakimbia, volti zinapanda, na zile nyumba 10 ambazo bado zinatazama televisheni zinaunguliwa. Turbini isiyo na mzigo kabisa inaweza kukaribia maradufu ya mwendo wake.

Dawa yake ni kidhibiti mzigo cha elektroniki. Kinapima umeme muda wote, na kila wati ambayo watu hawaitumii kinaipeleka kwenye hita zilizozamishwa kwenye pipa la maji. Jenereta daima inaona mzigo uleule, kwa hiyo inazunguka mwendo uleule. Hita ziwe na uwezo kuzidi mtambo mzima, tuseme kilowati 4, na maji yawe yanapita pipani wakati wote, maana hita ikikauka inaungua na ulinzi umeisha. Njombe ya Juni na Julai, umande unapoganda, maji hayo ya moto hayakosi wateja.

Hatua ya 8: Nyaya

Kilowati 3 kwa volti 230 ni ampea 13. Nyumba zikiwa mita 500 kutoka kwenye mtambo, umeme unasafiri mita 500 kwenda na 500 kurudi. Waya wa alumini wa milimita za mraba 16, ule wa kusokotwa unaoning'inizwa nguzoni, utakunyima kama volti 25. Taa zitawaka vizuri. Niliwahi kuona mtu ametandaza waya wa nyumbani wa milimita za mraba 2.5 umbali huohuo. Huo unameza volti zaidi ya 90. Televisheni haikuwaka, na yeye akalaumu turbini.

Kila nyumba iwe na breka ndogo, nusu ampea, inayokata mtu akizidisha. Bila hiyo, pasi moja inazima kijiji, na jiko moja la koili linaanzisha kesi baraza la wazee. Zika fimbo ya shaba ya kupeleka umeme ardhini kwenye mtambo na uweke kinga ya radi, maana radi za milima hii mnazijua. Kazi ya nyaya mpe fundi mwenye leseni. Umeme wa kijito unaua kama wa gridi.

Hatua ya 9: Siku ya kuwasha

Fungua mfereji, jaza tangi, acha maji machafu ya kwanza yatoke kwa tundu la chini. Kisha jaza bomba taratibu sana. Utasikia hewa ikitoka kwa kile kibomba cha juu kama mtu anayepuliza chupa. Inaweza kuchukua nusu saa. Tembea urefu wote wa bomba ukitafuta mahali panapovuja.

Hakikisha pipa la hita lina maji na swichi ya kijiji imezimwa. Fungua koki ya turbini robo, subiri, fungua tena. Tazama mita mbili: hezi na volti. Zikifika 50 na 230, kidhibiti kitaanza kupeleka umeme kwenye hita na pipa litaanza kunguruma. Weka kiganja kwenye nyumba za beringi. Joto unaloweza kulivumilia ni sawa. Likikufanya uondoe mkono, funga koki na uangalie mkanda kama umekazwa mno. Baada ya saa moja bila shida, washa swichi ya kijiji.

Watoto watapiga kelele. Wewe endelea kutazama mita.

Baada ya hapo

Mtambo unahitaji mtu mmoja mwenye mshahara, hata kama ni mdogo. Wa kujitolea huacha kuja mwezi wa tatu. Kazi yake kila asubuhi na jioni ni kukwangua wavu, kutazama mita na kuandika daftarini: hezi, volti, kina cha maji tangini. Kila wiki anafungua tundu la tangi kutoa mchanga. Kila mwezi anatia grisi, kidogo, na anapima kukaza kwa mkanda. Wakati wa masika yote hayo mara mbili. Michango ya nyumba ikusanywe mwanzo wa mwezi, na sehemu yake iwekwe akiba ya vipuri isiyoguswa na harambee ya harusi ya mtu yeyote.

Watu huuliza gridi ikifika itakuwaje. Mitambo mikubwa kidogo huweza kuiuzia TANESCO. Wa kilowati 3 hauna mnunuzi. Lakini kinu cha mkanda kitaendelea kusaga bila Luku, na maji ya moto yatabaki ya bure.

Na kuhusu vipuri: nunua beringi mbili za ziada na mkanda mmoja siku ileile unaponunua za kwanza, uzifunge kwenye nailoni, uzitundike ndani ya nyumba ya mtambo. Kisha andika namba za beringi na saizi ya mkanda ukutani, nyuma ya mlango, kwa rangi. Namba iliyoko kwenye beringi yenyewe itakuwa imeshafutika siku utakapoihitaji.